Mita 60 kutoka wapi? Hesabu ya nyumba za ufukweni Mtwara

Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, mkoani Mtwara, ilianzishwa mwaka 2000. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 650, bahari na nchi kavu pamoja, na pwani yake, kuanzia rasi ya Msangamkuu hadi mpaka wa Msumbiji, hukadiriwa kuwa kilomita 45. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu, ujenzi wa nyumba ukiwemo, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari. Zidisha kilomita 45 kwa mita 60: unapata mita za mraba milioni 2.7, yaani hekta 270, au ekari 667. Hiyo ni asilimia 0.4 ya hifadhi nzima.

Asilimia 0.4 husomwa kwa namna mbili. Anayetaka kujenga atasema ni kipande kidogo, kikiguswa hifadhi haitaona tofauti. Anayetaka kulinda atasema ni kipande kidogo, kikiachwa mjenzi hatakosa pa kujenga. Namba ni ileile, ila haisemi kilichomo ndani ya hizo hekta 270: matuta ya mchanga, madiko ya wavuvi, njia za kushukia pwani, sehemu kasa wanapofukia mayai. Vitu hivyo vina bei, au angalau watu huvipa bei, na bei hizo ndizo zinazostahili kukaguliwa.

Kabla ya bei, tuihoji hiyo 45. Urefu wa pwani hutegemea rula. Pwani ya Tanzania Bara hutajwa kuwa kilomita 800 ukipima kwa rula ndefu kutoka mpaka wa Kenya hadi Msumbiji, na kilomita 1,424 ukifuata ghuba na rasi zake. Uwiano ni 1.78. Ikiwa kilomita 45 za Mnazi zilipimwa kwa rula ndefu, basi kwa uwiano huohuo pwani halisi inafika kilomita 80, na ukanda wa mita 60 unakuwa hekta 480 badala ya 270. Maingilio ya Ruvuma, yenye vijito na mikoko inayoingia na kutoka, ndiyo hasa sehemu ambayo rula mbili hazitakubaliana.

Swali zito zaidi ni mita 60 kutoka wapi. Kifungu kinataja umbali, hakichori mstari wa kuanzia. Mtwara, tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, ni kati ya mita 3 na 4. Tuchukue 3.5. Kwenye ufukwe wenye mteremko wa 1 kwa 30 (kila mita 30 unazotembea unapanda mita 1), mstari wa maji kupwa na mstari wa maji kujaa vimeachana mita 105. Kwenye mteremko mkali zaidi wa 1 kwa 20, vimeachana mita 70. Kwa hiyo mpimaji akianzia maji yalipokupwa, kigingi chake cha mita 60 kitafunikwa na maji saa sita baadaye, huku mwenye kiwanja akiwa na karatasi inayoonyesha kuwa ametii sheria.

Jirani zetu wameliona hilo. Kanuni za upimaji za Kenya zinataka ukanda usiopungua mita 60 uachwe juu ya mstari wa maji kujaa pale ardhi ya serikali iliyo kando ya bahari inapopimwa ili igawiwe. Zanzibar hutumia mita 30, nusu yake, lakini nayo huanzia maji yalipojaa. Mita 30 juu ya maji kujaa ni ulinzi mkubwa kuliko mita 60 juu ya maji kupwa: ya kwanza inabakisha mita 30 za nchi kavu, ya pili haibakishi hata moja. Katika makala haya, mita 60 zinahesabiwa kutoka mstari wa maji kujaa wa bamvua, kwa sababu ndiyo tafsiri pekee inayoacha ardhi ya kulinda.

Sasa bei. Hesabu za mradi wa nyumba za ufukweni zilizo wazi zaidi nchini zinatoka Kigamboni, Dar es Salaam, kwenye mradi wa Dege Eco Village wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) na mbia wake. Mpango ulikuwa nyumba 7,460 kwa gharama ya takriban dola milioni 653.4. Gawanya: kila nyumba dola 87,600, ambayo kwa dola moja ya Sh 2,200 ni Sh milioni 193. Ujenzi ulisimama mwaka 2016, majengo yakiwa hayajaisha, na baadaye NSSF ikatafuta mnunuzi.

Kilichovuta macho ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali katika ripoti yake iliyotoka mwaka huohuo si matofali, ni ardhi. Ekari 300 za mradi zilihesabiwa kwa Sh milioni 800 kila moja. Jumla ni Sh bilioni 240, yaani Sh milioni 32 za ardhi kwa kila nyumba kabla ya kuchimba msingi. Kwa mita ya mraba, ni Sh 197,700.

Weka kando yake Likong'o, Lindi, iliyo kwenye pwani ya kusini kama Mtwara. Mwaka 2020 wananchi 693 walilipwa fidia ya takriban Sh bilioni 5.2 kupisha mradi wa kusindika gesi, kwenye eneo la hekta 2,071.7, sawa na ekari 5,119. Wastani wa ekari ni Sh milioni 1.02. Wastani wa mita ya mraba ni Sh 251. Kati ya Likong'o na Dege kuna tofauti ya mara 787.

Wastani huo una mapengo, na ni haki kuyataja. Fidia hutathminiwa kwa mazao, majengo na ardhi ya mtu mmojammoja, na si lazima kila hekta ndani ya mpaka wa mradi ilikuwa na mdai. Kigamboni iko ng'ambo ya jiji la mamilioni ya watu; Likong'o haiko hivyo. Bei ya Dege nayo iliingia kwenye vitabu kama mchango wa mbia, na mtu anayechangia ardhi badala ya fedha ana kila sababu ya kuiona ardhi yake kuwa ghali. Hata ukikata bei ya Dege kwa kumi na kuzidisha ya Likong'o kwa kumi, pengo linabaki mara 7.9. Yeyote anayekutajia bei moja ya ardhi ya pwani ya kusini, bila kueleza ni bei ya kununulia au ya kufidia, anakuuzia kitu.

Fidia ya wastani ya Likong'o ilikuwa Sh milioni 7.5 kwa mtu. Nyumba moja ya Dege ni fidia ya watu 26.

Rudi kwenye ukanda wa ekari 667 wa Ghuba ya Mnazi. Kwa bei ya Dege una thamani ya Sh bilioni 534. Kwa bei ya Likong'o una thamani ya Sh milioni 678, ambayo ni nyumba tatu na nusu za Dege. Ndani ya hifadhi ukanda huo hauuzwi, kwa kuwa Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994 inaweka masharti yake juu ya yale ya mazingira. Shangani, Mikindani na fukwe nyingine za Mtwara zilizo nje ya hifadhi hazina kinga hiyo ya pili. Huko zimebaki mita 60 peke yake.

Na mita hizo zina bei hata pale zinapohamishwa kidogo tu. Chukua kiwanja chenye upana wa mita 25 upande wa bahari. Mpimaji akisogeza mstari wa kuanzia mita 20 kuelekea majini, mwenye kiwanja anapata mita za mraba 500 zaidi za kujengea. Kwa bei ya Likong'o amepata Sh 125,500. Kwa bei ya Dege amepata Sh milioni 99. Kishawishi cha kugombana na kigingi, au kuzungumza na mpimaji pembeni, hupanda pamoja na bei ya ardhi. Kwa hiyo mstari usiochorwa huumiza zaidi mahali ambapo wawekezaji wameanza kufika.

Je, watu wanafika kwa kasi gani? Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 108,299 katika Manispaa ya Mtwara. Ya mwaka 2022 ikahesabu 146,772. Ongezeko ni watu 38,473, asilimia 35.5 kwa miaka kumi, au kama asilimia 3.1 kwa mwaka. Ni kasi ya wastani. Wale waliotabiri mwanzoni mwa muongo ule kwamba gesi itaufanya mji huu uvimbe kwa usiku mmoja hawakupatia, ingawa bei za viwanja zilishapandishwa kwa utabiri wao.

Lakini mahitaji ya ufukwe hayahitaji mji mkubwa. Kwa wastani wa kitaifa wa watu 4.3 kwa kaya, ongezeko hilo ni kaya 8,950. Tuseme kaya moja kati ya mia inataka na inamudu nyumba inayotazama bahari, na makisio haya ni yangu: ni nyumba 90 kwa miaka kumi. Zikipangwa kwa safu moja ufukweni, kila moja na mita zake 25, zinafunga kilomita 2.25 za pwani. Nyumba hizohizo 90 zikipangwa safu kumi za nyumba tisa kuelekea bara, zinashika mita 225 tu. Idadi ya nyumba haijabadilika. Pwani iliyofungwa imepungua kwa asilimia 90, na anayeumia ni mwenye safu ya pili kuendelea, ambaye atauziwa kiwanja cha ufukweni kisicho ufukweni.

Safu moja ndiyo huuza. Msimbati, kijiji cha ufukweni ndani ya hifadhi ya Ghuba ya Mnazi, ilishapata mwenye nyumba wa ufukweni wa aina yake: Mwingereza Latham Leslie-Moore, aliyejenga hapo na mwaka 1959 akatangaza kuwa sehemu hiyo ni nchi huru na yeye ndiye sultani wake. Ulikuwa mchezo wa mtu mmoja. Siku hizi kinachowekwa ni uzio.

Tuje kwenye mchanga. Tuta la mchanga, kwa maana inayotumika hapa, ni kilima kinachojengwa na upepo nyuma ya mstari wa maji kujaa, kikashikwa na mimea inayotambaa na, sehemu nyingi, mivinje. Kazi yake ni ya akiba: dhoruba inapokuja mawimbi hukata tuta na kutandaza mchanga chini ya maji, mawimbi yanavunjikia mbali zaidi, na baada ya miezi upepo na maji hurudisha sehemu kubwa ya mchanga ule. Mjenzi huliona kama kizuizi. Tuta la mita 3 linaziba bahari kwa anayekaa sebuleni ghorofa ya chini, na kwa hiyo huwa la kwanza kusawazishwa.

Kiasi chake kinahesabika. Tuta lenye urefu wa kwenda juu wa mita 3 na kitako cha mita 20, ukilichukulia kama pembetatu, lina mita za ujazo 30 za mchanga kwa kila mita moja ya ufukwe. Mbele ya kiwanja cha mita 25 ni mita za ujazo 750, au tripu 150 za lori la mita za ujazo 5. Kwa bei ya kukisia ya Sh 100,000 kwa tripu, mjenzi anayelisawazisha ameondoa akiba ya Sh milioni 15. Akiamua kulijenga upya kwa malori, atalipa hizo milioni 15 kwa mchanga usio na mizizi, ambao bamvua mbili tatu zenye upepo wa kusi zinaweza kuuondoa.

Wengi hawarudishi mchanga, wanajenga ukuta. Hapa namba za umma zinapotosha kwa urahisi. Mradi uliojenga kuta za bahari Dar es Salaam, ukiwemo ule wa Barabara ya Barack Obama uliozinduliwa mwaka 2018, ulipata takriban dola milioni 5 kutoka Adaptation Fund, mfuko wa kimataifa wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Kwa dola ya Sh 2,300 ni Sh bilioni 11.5. Wapo wanaogawanya kiasi hicho kwa mita za ukuta na kupata bei ya mita moja. Hawapaswi: fedha hizo zililipia pia mifereji, mikoko na kazi nyingine, na kulikuwa na mfuko mwingine uliochangia. Kwa hiyo natumia makisio ya Sh milioni 5 kwa mita, nikijua yanaweza kuwa juu au chini kwa nusu. Ukuta wa mita 25 ni Sh milioni 125, mara nane ya gharama ya kurudisha tuta. Hata makisio yangu yakiwa yamezidi mara mbili, ukuta bado ni mara nne.

Tofauti nyingine haimo kwenye risiti. Wimbi likigonga ukuta hurudi na nguvu na kuchimba mchanga ulio mbele yake na kwenye ncha zake. Jirani asiye na ukuta hupoteza ufukwe, naye hujenga. Nyumba 90 kwa safu, kila moja na ukuta wake, ni Sh bilioni 11.25. Hicho ni karibu kiasi kilekile ambacho Adaptation Fund ilikitoa kwa ajili ya mradi mzima, ila safari hii kimetoka mifukoni mwa kaya 90, na mwisho wake ni kilomita 2.25 ambazo maji yakijaa hakuna mahali pa kupita.

Kunduchi inaonyesha kwamba mchanga unaweza kuisha bila mtu kugusa tuta. Fukwe za kaskazini mwa Dar es Salaam zilikuwa zikilishwa na mito midogo, na mchanga wa mito hiyo ukachimbwa kwa miaka mingi kwa ajili ya ujenzi wa jiji. Bahari ikala ilichokikosa. Hoteli ya Africana iliachwa kwa sababu ya mmomonyoko, na leo jina lake ni la kituo cha daladala zaidi ya hoteli. Hoteli ziliharibiwa, kwa sehemu, na mchanga uliojengea nyumba za watu wengine kilomita chache kutoka hapo.

Hali ya Mtwara ni tofauti kwa ukubwa. Bonde la Ruvuma lina takriban kilomita za mraba 152,000, na Tanzania inashika asilimia 34 tu ya bonde hilo. Asilimia 65 iko Msumbiji na sehemu ndogo sana Malawi. Mto wa ukubwa huo haumalizwi na malori ya mji wa watu 146,772. Hilo linatia moyo mpaka ukumbuke maana yake ya pili: theluthi mbili za eneo linalolisha mchanga wa Msimbati ziko nje ya mamlaka ya halmashauri, ya wasimamizi wa mazingira wa Tanzania na ya hifadhi. Tuta lililo upande wetu ndiyo sehemu ya akaunti ambayo sahihi yetu inatosha.

Tuta hushika maji pia. Lamu wanalijua hili vizuri: visima vya maji matamu vinavyohudumia mji mkongwe vimo kwenye matuta ya Shela, na ndiyo maana kila kiwanja kinachogawiwa juu ya matuta yale huwa ugomvi. Kwa Ghuba ya Mnazi, tukikadiria mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka na moja ya tano yake ikizama ardhini, kila mita ya mraba inapokea lita 200 kwa mwaka. Hekta 270 zinapokea lita milioni 540. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ililenga lita 25 kwa mtu kwa siku vijijini, au lita 9,125 kwa mwaka; kwa karatasi, hayo ni maji ya watu 59,000.

Namba hiyo ni kubwa mno kuaminika, na sababu zinaonekana. Sehemu ya ukanda ni mikoko na matope, si matuta. Tuchukue theluthi moja tu. Maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi, na ukivuta kwa pupa unavuta chumvi. Tuchukue moja ya tano ya kilichobaki. Tumeshuka hadi watu 3,900. Hao bado ni vijiji. Shimo la choo la nyumba ya ufukweni, lililochimbwa kwenye mchanga mtupu, halihitaji kujaa ili liwafikie.

Hati ya ardhi Tanzania hutolewa kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99. Bahari nayo ina kalenda. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC) linakadiria kuwa kati ya mwaka 2006 na 2018 kina cha bahari duniani kilipanda milimita 3.7 kwa mwaka. Kasi hiyo ikibaki ilivyo, hati ya miaka 33 itashuhudia sentimita 12, ya miaka 66 sentimita 24, na ya miaka 99 sentimita 37. Wahandisi wa pwani wana kanuni ya mkato, inayoitwa kanuni ya Bruun, kwamba ufukwe wa mchanga hurudi nyuma mara 50 hadi 100 ya kiasi ambacho bahari imepanda. Hati ya miaka 33: mita 6 hadi 12. Hati ya miaka 99: mita 18 hadi 37.

Mita 60 zinatosha, basi? Kwa hesabu hiyo, ndiyo, na hata zinabaki. Lakini hesabu hiyo inaganda kasi ya leo. Kwa makadirio ya juu ya IPCC, ambapo uzalishaji wa hewa chafu haupunguzwi, bahari itakuwa imepanda kati ya mita 0.63 na 1.01 ifikapo mwaka 2100. Kanuni ileile inatoa mita 32 hadi 101, na ukanda unaweza kwisha wote kabla hati ya miaka 99 iliyotolewa leo haijaisha. Kanuni yenyewe inapingwa na wataalamu wengi: inadhani ufukwe wa mchanga mtupu, usio na miamba wala mikondo mikali, na Msimbati ina matumbawe mbele yake na mkondo wenye kina kirefu kandokando. Siitumii kama utabiri. Naitumia kuonyesha kwamba mita 60 zina muda wake, na kwamba anayetoa hati ya miaka 99 na anayetoa hati ya miaka 33 kwenye mstari uleule hawatoi kitu kimoja.

Dhoruba ni ngumu zaidi kuziwekea wastani. Kimbunga cha Aprili 1952 kilipiga Lindi. Kenneth, chenye upepo wa takriban kilomita 220 kwa saa, kilitua Cabo Delgado, kusini mwa mpaka, tarehe 25 Aprili 2019, baada ya wakazi wa Mtwara kutahadharishwa. Hidaya kilifika jirani na Mafia Mei 2024. Kutoka cha kwanza hadi cha pili ni miaka 67, kutoka cha pili hadi cha tatu ni mitano. Matukio matatu hayatengenezi kasi, na kampuni ya bima itakayokupa bei ya uhakika kwa msingi huo inabahatisha kwa fedha zako.

Imebaki njia ya kushukia pwani, ambayo kwenye michoro mingi ya viwanja huhesabiwa kama hasara. Tuseme kwenye zile kilomita 2.25 inaachwa njia ya umma yenye upana wa mita 6 kila baada ya mita 200. Ni njia 11. Zinakula asilimia 3 ya upande wa bahari. Kila moja ikipita katikati ya viwanja vyenye kina cha mita 100, ardhi yake ni mita za mraba 600, na zote pamoja ni 6,600. Kwa bei ya Likong'o njia zote 11 zina thamani ya Sh milioni 1.66, au Sh 18,400 kwa kila nyumba kati ya zile 90. Kwa bei ya Dege ni Sh bilioni 1.3, au Sh milioni 14.5 kwa nyumba, ambayo ni asilimia 7.5 ya nyumba ya Sh milioni 193.

Upande wa pili wa mizani ni mwanamke anayechokoa pweza na kuokota chaza maji yakipwa. Uzio ukiwa mfululizo, kwa wastani atatembea mita 560 hadi mwisho wake na mita nyingine 560 kurudi ufukweni hadi mahali pake: kilomita 1.1. Kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa ni dakika 17 kwenda na 17 kurudi. Mwamba hukaa wazi kama saa tatu tu. Dakika 34 ni asilimia 19 ya muda wake wa kazi, na bahari haimsubiri afidie jioni.

Bamvua huja mara mbili kwa mwezi. Tukimpa siku tano za kazi kila mara, ni siku 120 kwa mwaka, na saa 68 zilizopotea njiani. Wanawake 200 wanapoteza saa 13,600. Kwa Sh 1,000 kwa saa, ambayo ni kukisia kwa unyenyekevu, ni Sh milioni 13.6 kwa mwaka, na Sh milioni 449 kwa muda wa hati ya miaka 33. Wavuvi wanaobeba mashine na nyavu hawamo katika hesabu hii, wala wauza samaki, wala watoto.

Sh milioni 449 ni mara 270 ya thamani ya njia zote 11 kwa bei ya Likong'o, na ni theluthi tu ya thamani yake kwa bei ya Dege. Kwa hiyo anayetaka kusema kwamba njia hizo ni ghali kuliko faida yake analazimika kutumia bei ya Dege. Anaweza kufanya hivyo. Lakini mwenye ardhi ileile atakapotakiwa kuhama ili kupisha viwanja, jedwali la fidia litatakiwa kuanza na namba hiyohiyo: Sh 197,700 kwa mita ya mraba.